Heri Jedwali Lisiloonekana

Kuna watu hawana dogo. Hulalamikia vumbi la njia ya Endiinzi, hulalamikia neti, humlalamikia mwenye boda boda anayesema kwenye simu "nimeshafika" huku bado anatafuta kiatu cha pili. Sasa wamemgeukia asiye na mdomo wa kujitetea: jedwali linalotoweka kwenye kompyuta. Nimeona nisikae kimya.

Kwa asiyelifahamu, mambo yako hivi. Zahanati, shule na mashirika ya hapa Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na mji wa Mbarara, yana kumbukumbu zake katika hifadhidata. Mfumo wa kliniki uitwao UgandaEMR umejengwa juu ya OpenMRS, nao hutunza data katika MySQL; takwimu za afya za nchi hupitia DHIS2, ambayo hutumia PostgreSQL. Mtu wa data akitaka kuchungulia humo haandiki amri kwa mkono kama wahenga. Hufungua programu yenye picha, iwe phpMyAdmin, DBeaver, pgAdmin au MySQL Workbench, na upande wa kushoto huota mti wenye matawi. Kila jedwali ni jani. Kila mwoneko, yaani lile jedwali la kuazima ambalo halina data yake bali hukusanya ya wenzake, ni jani pia. Jana jani lilikuwapo. Leo halipo.

Faida ya kwanza huonekana dirishani. Mama amepanga foleni tangu alfajiri, amefika mbele, kijana anatazama skrini.

"Mama, sistemu haikuoni."

"Mwanangu, si miye huyu niko mbele yako?"

"Nakuona mimi, mama. Sistemu ndiyo haikuoni. Rudi kesho."

Hebu tazama jinsi ugomvi ulivyokwisha bila mtu kupaza sauti. Bosi hakulaumiwa, karani hakulaumiwa, mfadhili hakuandikiwa barua. Ofisi gani hapa kwetu ina mfanyakazi wa kulinganishwa na sistemu? Haidai posho ya semina, haiombi ruhusa ya msiba, hubeba lawama za jengo zima na wala haijawahi kukata rufaa.

Kuna mafundi wakorofi watakaokwambia kwamba jedwali halijaenda popote. Wanasema ule mti wa kushoto ni picha iliyochorwa pale ulipoingia asubuhi. Mwenzako akiongeza jedwali saa tano, mti wako hauna habari mpaka uuonyeshe upya. Wanasema umeunganisha na hifadhidata nyingine: pgAdmin ikikukuta huna mpango hukupeleka kwenye ile iitwayo postgres, na Management Studio ya Microsoft hukuweka kwenye master, zote mbili zikiwa nyumba za watu wengine. Wanasema jedwali limo kwenye skima nyingine, yaani fungu jingine la hifadhidata hiyo hiyo, wewe unatazama lile liitwalo public tu. Wanasema wiki iliyopita uliweka kichujio ukakisahau. Yote ni kweli, na yote yanatibika kwa dakika mbili. Ndiyo maana hawapendwi ofisini.

SQLite ni muungwana kuliko wote. Ukikosea jina la faili, programu nyingi zinazoitumia hazikukemei. Hukuundia hapo hapo hifadhidata mpya, safi, isiyo na jedwali hata moja, kisha zikakuacha ulie kwamba umeibiwa.

Programu ya phpMyAdmin nayo ina heshima ya namna yake kwa sisi tunaotaja majedwali kwa Kiswahili. Kwa kawaida mti wake huonyesha vitu 50, vingine hukaa ukurasa wa pili, kwa mpangilio wa alfabeti. Basi dawa, chakula, mahema na magari viko juu kabisa, macho kwa macho na bosi. Wagonjwa, wajawazito, watoto, wazee na wakimbizi wanaangukia mwisho, ng'ambo ya ukurasa. Hakuna aliyekusudia. Alfabeti yenyewe imejua nani anaweza kungoja.

Lakini mahali ambapo sifa zangu hazina mpaka ni penye ruhusa. Mtumiaji wa MySQL asiye na haki yoyote juu ya jedwali haambiwi kwamba limefungwa; haonyeshwi kabisa kwamba lipo. SQL Server imekuwa hivyo tangu toleo la 2005. Ni kama mwenyeji mstaarabu anayeusogezea mlango kabati ili mgeni asijue kuna chumba kingine. PostgreSQL haina malezi hayo: kwenye mti wa pgAdmin jina la jedwali utaliona, ukiligusa unafukuzwa kwa maandishi. Mimi nachagua adabu. Kijana wa kujitolea aliyepewa akaunti ya kusoma tu, anayeona majedwali machache akaamini ndiyo yote, hulala usingizi mzito na kuandika ripoti fupi. Mpe ruhusa zote, uone atakavyoanza kuuliza maswali kwenye kikao.

Na hapa Nakivale, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1958 na ambayo leo yana zaidi ya watu laki moja kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko, adabu hiyo si ngeni. Mtu anaweza kuzaliwa hapa, kuoa hapa, kuzika wazazi hapa, na bado mfumo fulani usiwe na ruhusa ya kumwona. Hajafutwa. Yuko kwenye skima nyingine.

Mwoneko una historia ya kusisimua zaidi. Katika MySQL kila mwoneko hubeba jina la aliyeutunga, na kwa kawaida hufanya kazi kwa haki za huyo mtunzi, si za anayeusoma. Sasa chukua ofisi yenye kijana mahiri ambaye ametunga mioneko yote ya ripoti za mwezi. Faili lake la kuhamishiwa nchi ya tatu linakubaliwa, anaagwa kwa soda na keki, anapanda ndege. Mwisho wa mwezi msimamizi makini anafuta akaunti yake, kama usalama unavyotaka. Kesho yake ripoti zote zinagoma kwa kosa namba 1449: mtunzi aliyetajwa hayupo. Hata kunakili hifadhidata kwa ajili ya akiba kunakwama palepale. Majedwali yako salama, data yote ipo. Kinachokosekana ni mtu mmoja ambaye sasa anajifunza kutembea juu ya barafu. Sijui kumbukumbu ya mtumishi iliyo bora kuliko hiyo. Wengine huwekewa picha ukutani na hakuna kinachosimama.

Kuhusu herufi kubwa nisiseme mengi. Kompyuta ya Windows pale ofisini haijali kama umeandika Kaya au kaya. Ukihamishia MySQL hiyo hiyo kwenye seva ya Linux, hayo ni majedwali mawili tofauti, na moja halipo. Ndugu zetu Wasomali, ambao jina moja limeandikwa Mohamed kwenye kadi na Maxamed kwenye cheti, watakueleza vizuri kuliko mimi.

Anayeona natania akumbuke mwaka 2018, nchi ilipoonjeshwa ugonjwa wa kinyume chake. Mwezi Februari maofisa wa Ofisi ya Waziri Mkuu walisimamishwa kazi kwa tuhuma za kuongeza idadi ya wakimbizi. Serikali na UNHCR wakaendesha uhakiki wa nchi nzima kwa alama za vidole na mboni za macho. Orodha ya awali ilikuwa na watu milioni 1.4 hivi, uhakiki ulipofungwa Oktoba, waliojitokeza walikuwa kama milioni 1.1. Yaani majina karibu laki tatu yalikuwa yakionekana vizuri kwenye skrini, mwezi baada ya mwezi, na wenyewe hawakuonekana kwenye foleni. Hapakuwa na haja ya kuonyesha upya chochote. Kila safu ilikuwa mahali pake.

Basi nawauliza wanaolichukia jedwali langu: ni lipi la kuogopwa? Lililotoweka humsumbua karani, humrudisha mama nyumbani kwa miguu, humpa fundi wa Mbarara nauli ya kuja na kurudi. Hayo nayakubali. Lakini jedwali lililotoweka halijawahi kula mahindi ya mtu. Linaloonekana kupita kiasi ndilo lenye njaa.

Kuna Mwingereza, Edgar Codd, aliyeandika mwaka 1970, akiwa IBM, makala iliyozaa hifadhidata za namna hii. Mwaka 1985 alitoa kanuni zake, na moja yazo inadai kwamba orodha ya majedwali nayo iwe jedwali, iulizwe kwa lugha ile ile. Ndiyo maana inawezekana kuuacha mti wa picha na kuiuliza hifadhidata yenyewe ina majedwali gani, na ijibu papo hapo kwa kadiri ya ruhusa za anayeuliza. Kanuni nzuri. Isienezwe sana maofisini.

Wewe msomaji, ukifika dirishani ukaambiwa sistemu haikuoni, usigombe. Muulize karani, kwa heshima zote anazostahili, kama ameonyesha upya mti wake, ameingia hifadhidata ipi, na ametumia akaunti ya nani. Akiweza kujibu yote matatu, huenda ukaonekana kabla ya chai ya saa nne.