Ua wa Mibirizi

Ukuta wetu wa upande wa barabara ulianguka Mei 2021, katika matetemeko yaliyofuata mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa tarehe 22. Nyumba nyingi hapa Gisenyi zilipasuka siku zile, na pesa ya saruji hatukuwa nayo. Mama mkwe akaamua tupande mibirizi: mti wa kwetu, majani mabichi mwaka mzima, tena dawa ya tumbo iko mlangoni.

Shemeji akatumwa kutafuta vipandikizi. Akarudi mvua za Septemba zilipoanza, na mizigo ya fito za kijivu zisizo na jani hata moja. Tukazichomeka kwenye udongo mweusi wa volkano, zikachipua karibu zote.

Ugomvi ulianzia jikoni. Mama mkwe alitwanga majani, akakamua, akaonja. "Huu si mubirizi." Wiki iliyofuata akachuma tena, safari hii uchungu ukamtoa machozi. Shemeji akaapa kwamba fito zote zilitoka mahali pamoja. Mume wangu akasema uchungu ni uchungu, wapi na wapi kugombana. Nyumba ikagawanyika.

Mimi naamini ulimi ni shahidi dhaifu, maana mimea michungu ni mingi na mingine ina sumu. Nikaenda kuinama uani. Miche ya mbali na lango ilikuwa na majani membamba yaliyochongoka ncha zote mbili, na kikonyo kifupi kisicho na kitu pembeni. Huo ndio mubirizi, ambao wataalamu huuita Vernonia amygdalina. Karibu na lango majani yalikuwa mapana zaidi, upande wa chini meupe yenye vinyweleo laini, na pale kikonyo kinaposhika shina palichomoza vipande viwili kama masikio. Huyo ni ndugu yake, Vernonia auriculifera, anayejiotea kando ya njia na mashamba ya nyanda za juu. "Mama, tungoje maua," nikamwambia. Mubirizi hutoa maua meupe. Huyu mwingine, ya zambarau. Lakini yeye alikuwa akichuma vichwa kila wiki, maua yangetoka wapi?

Kisha akaingia baba mkwe na panga. Mzee anapenda maharage yake ya kupanda juu kuliko kitu chochote, na mishingiriro, yaani miti ya kuyategemeza, ilikuwa imemwishia. Mwaka wa pili, ua ulipopita kimo cha mtu, alfajiri moja akakata fito zilizonyooka, zote za upande wa mbali na lango. Mama mkwe alipoona vishina vitupu hakupaza sauti. Jioni akampakulia Mzee chakula bila neno, na sisi wengine tukala tukitazama sahani.

Mvua za Machi zilipokolea, mishingiriro ikaota, ikatoa matawi, ikatia kivuli maharage. Mzee akataka kuing'oa. Mama mkwe akasimama katikati ya mistari, khanga kaifunga kiunoni: "Mzee, dawa yangu usiiguse." Ikabaki, na kwa kuwa hakuna aliyeichuma kule, ikachanua meupe, nyuki wamejaa. Langoni, matawi ya juu ambayo mkono haukuyafikia yakachanua zambarau. Mubirizi wa kweli ulikuwa umehamia shambani.

Baada ya hapo nilipata nguvu ya kusema jambo lililonikera muda mrefu, vile vikombe vya maji ya majani walivyonyweshwa watoto. Nikamsimulia mama mkwe habari ya milima ya Mahale, Tanzania, mwaka 1987. Mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyeijua miti ya kwao, walimwona sokwe jike aitwaye Chausiku akiumwa. Alivunja tawi la mubirizi huuhuu, akaondoa gome na majani, akatafuna moyo wa tawi na kufyonza maji yake. Kesho yake akapata nafuu. Majani aliyatupa, na ndiyo yenye sumu nyingi zaidi.

Mama mkwe alinyamaza kidogo. "Sokwe huyo alifundishwa na mama yake," akasema. Hata hivyo watoto hawajanyweshwa tena, na wakiumwa tunawapeleka kituo cha afya.

Mimea yenye maua meupe tumeifunga nyuzi nyekundu, na mvua zijazo tutakata vipandikizi hapo tu. Ndugu wa langoni tumemwacha, maana nyuki wanampenda vilevile. Mzee sasa anatumia mabingobingo kwa maharage yake.