Andika "yes", Uendelee na Kazi

Ukiingia kwenye seva kwa SSH kwa mara ya kwanza, programu itasita. Itakwambia haina hakika kama seva hiyo ndiyo yenyewe, ikuonyeshe alama ya ufunguo wake, kisha ikuulize kama uendelee. Andika yes. Alama yenyewe ina herufi 43 baada ya SHA256, na chai inapoa.

Tatu Ylönen, Mfini aliyeiandika SSH mwaka 1995 baada ya mtandao wa chuo chake kuvamiwa na wezi wa nywila, hakujua una shughuli kiasi gani.

Wapo wakorofi watakaokushauri uipate alama kwa njia nyingine kwanza: umpigie simu msimamizi wa seva, au aliye mbele ya mashine yenyewe aandike ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub, akusomee jibu, mlinganishe. Vocha ya nani? Tumia ssh-keyscan, uiulize seva ileile, kupitia mtandao uleule unaoushuku, ikutajie ufunguo wake. Itataja. Tapeli aliyejifanya seva naye atataja wa kwake, tena haraka. Tangu OpenSSH 8.0 ya mwaka 2019 unaweza hata kubandika alama uliyopewa mahali pa yes, programu ilinganishe yenyewe. Usimwambie mtu.

Siku moja seva uliyoizoea itakuja na ufunguo mwingine, na onyo la herufi kubwa litajaa kwenye skrini. Futa ule wa zamani kwa ssh-keygen -R, kisha yes. Mara nyingi ni fundi tu aliyesakinisha mfumo upya, na hilo ndilo linalolipa onyo sifa mbaya. Machi 2023 GitHub walibadili ufunguo wao wa RSA, kwa kuwa ule wa siri ulionekana kwa muda mfupi kwenye hazina ya wazi. Wakatangaza alama mpya ili watu walinganishe. Wewe ulishapita.

Ukichoka kabisa na maswali, weka StrictHostKeyChecking no. Ile accept-new, inayopokea seva ngeni lakini ikaikataa iliyobadili ufunguo, waachie waoga. Na uingie kwa nywila, hasa kwenye seva ya mishahara. Ukitumia ufunguo, sehemu yake ya siri haitoki kwenye kompyuta yako hata ukidanganywa, lakini nywila humfikia tapeli ikiwa nzima. Amehangaika kukutegea, asirudi mikono mitupu.