Tondozi kwa Mashine Isiyowaka

Kusifu mnazi ni kazi rahisi. Una dafu, una makuti, una mbata, una tembo kwa wanaokunywa; hata mshairi mvivu hakosi beti kumi. Mimi leo najitwika mzigo mzito zaidi, kuisifu mashine mpya ya gemu iliyofika nyumbani kwetu Gudele, Juba, ikawaka dakika nne, ikazimika. Naandika kwa mkono mmoja. Mkono wa pili unaipepea kwa kipande cha katoni iliyoileta.

Iliponunuliwa Melbourne na mpwa wangu mkubwa, ilimsubiri msafiri. Ikafika Kampala, ikakaa kwa shangazi wiki kadhaa, kisha ikapanda basi hadi Nimule na kuteleza kwenye zile kilomita 192 za lami mpaka Juba. Sifa zake mbaya zilitangulia. Tulishasikia kwamba inapata joto, kwamba pedi yake huenda kushoto bila kuguswa, kwamba gemu hukatika katikati. Mpwa wangu mdogo, mwenye miaka kumi na miwili, kila aliposikia kasoro mpya alinijia mbio, macho yanang'aa, kama mtu aliyeongezewa ng'ombe kwenye mahari ya dada yake. "Mjomba, wanasema hata feni yake inalia!" Hapo nilijua kwamba tunaipenda.

Mwenye kusifu huanza na ukoo, na ukoo wa mashine hii ni wa watoto waliozaliwa kwa shida. Xbox 360 ilitoka Novemba 2005, na nyingi zikafa zikiwa zimewasha taa tatu nyekundu usoni. Wachezaji wakaiita pete nyekundu ya mauti. Julai 2007 Microsoft iliongeza dhamana hadi miaka mitatu kwa ajili ya ugonjwa huo na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 za kuutibu. PlayStation 3 ilifuata Novemba 2006, ile kubwa ikiuzwa dola 599 huko Marekani, na watu wakalala nje ya maduka ili waibiwe mapema. Nintendo 3DS iliingia sokoni mwaka 2011, na kabla haijamaliza miezi sita bei yake ikashushwa karibu theluthi. Mwaka huohuo wa 2011, tarehe 9 Julai, sisi nasi wa Sudan Kusini tulipandisha bendera yetu hapa Juba, kwenye kaburi la John Garang. Kuhusu uzinduzi huo sisemi neno. Nimetaja tarehe tu.

Ila zile taa tatu nazisujudia. Tazama adabu ya kifaa kinachokiri mbele ya mwenyewe na wageni wake kwamba kimeshindwa. Hapa mjini nimeona vitu vingi vimekufa siku nyingi huku taa zake zikiendelea kuwaka kijani.

Na mashine yetu ina elimu. Machi 2024, na tena Februari 2025, serikali yetu ilifunga shule kwa sababu ya joto. Mara ya pili ilikuwa baada ya wanafunzi kuanguka na kuzimia hapa Juba. Mashine yangu haikungoja waraka. Ilipohisi chumba cha mabati saa nane mchana, ikajifunga yenyewe. Kuna wakubwa wanaohitaji kamati kufikia uamuzi wa namna hiyo.

Kuhusu bei, imenifundisha unyenyekevu. Tumezoea kuambiwa kwamba vitu vya umeme hushuka bei vikizeeka. PlayStation 5 ilizaliwa Novemba 2020, na Agosti 2025, ikikaribia miaka mitano, ikapandishwa dola 50 Marekani. Kuzeeka huku ukipanda bei! Siku hiyo ilistahili kitambulisho cha raia wa Juba. Sisi tunaokumbuka Desemba 2015, pauni yetu ilipoachiwa ielee na dola iliyokuwa chini ya pauni 3 ikaamka ikiwa zaidi ya 18, hatukushangaa hata kidogo. Tulisema karibu nyumbani.

Uraia wenyewe ni sura nyingine. Mashine za siku hizi, kabla ya kukuruhusu kupiga hata mpira mmoja, hukuuliza unatoka nchi gani, kisha hukupa orodha, na nchi yako haimo. Wachezaji wa dunia nzima waliionja kadhia hii Mei 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya mtandao wa PlayStation. Gemu ikaondolewa sokoni katika nchi na maeneo zaidi ya 170 ambako akaunti hiyo haipatikani, watu wakafanya ghasia, Sony ikarudi nyuma. Huku kwetu hatukufanya ghasia. Tunao vijana ambao hawajawahi kushika pasipoti lakini wana anwani Johannesburg, wanaijua na namba ya posta kwa moyo. Mpwa wangu alinitazama kwa huruma nilipoanza kutafuta herufi S. "Sisi ni wa Afrika Kusini, mjomba. Sudan Kusini ni kwa ajili ya kulala tu."

Fadhila yake kubwa kuliko zote, hata hivyo, iko kwa jirani. Mtaani kuna kibanda cha gemu cha kijana kutoka Arua: mabati, mabenchi mawili, jenereta nje iliyofungwa mnyororo kama mbwa mkali, na ndani PlayStation 2. Mashine hiyo ilitoka Japani Machi 2000. Ni mkubwa wa nchi hii kwa miaka kumi na moja. Diski yake ni FIFA 14, ya mwisho katika mfululizo ule kutengenezewa PlayStation 2. Ilitoka Septemba 2013, na vikosi vyake viliganda hapohapo. Ronaldo ni wa Real Madrid. Rooney ni wa Manchester United. Miezi mitatu baadaye, usiku wa tarehe 15 Desemba, risasi zilianza kulia Juba, na vita vilivyofuata mnavijua. Sisi tukaangukia kambi ya Kakuma, wengine wakaangukia kambi za Uganda, tukajifunza Kiswahili cha foleni ya mgao. Tuliporudi, nyumba ilikuwa na watu wengine, mwembe ulikuwa umekatwa, lakini Rooney alikuwa palepale, mbele, akingoja pasi. Siku mashine mpya itakapowaka vizuri, kibanda kitafungwa na vikosi vitasasishwa. Ndiyo maana naipepea polepole.

Mtu asidhani kwamba namdharau anayetaka mashine ikubali. Lual Mayen, kijana wetu aliyezaliwa wazazi wakikimbia vita na kukulia kambini Uganda, aliiona kompyuta kwa mara ya kwanza mwaka 2007 na akaitamani. Mama yake akaweka akiba miaka mitatu, dola 300, akamnunulia. Kambini hapakuwa na umeme. Akawa anatembea saa tatu kwenda kuichaji, na saa tatu kurudi, na kutokana na safari hizo ikapatikana Salaam, gemu ya wanaokimbia wakitafuta amani. Desemba 2018 akaheshimiwa kwenye The Game Awards, Los Angeles. Kungoja tunakujua. Hata uchaguzi uliokuwa ufanyike 2015 tuliungoja ukihama na kuhama, hadi Septemba 2024 ukasogezwa tena mpaka Desemba 2026, na hakuna aliyerusha pedi ukutani.

Jana jioni mashine ilikubali kuishi saa nzima. Kumbe ile diski ndani ya boksi ni ufunguo tu. Gemu yenyewe, zaidi ya GB 100, inashushwa kutoka hewani. Nikanunua bando la kunifilisi, tukaiunganisha na simu yangu, tukaketi kuutazama mstari wa buluu kama watu wanaolinda mgonjwa. Saa tatu usiku jenereta yetu ikaanza kukohoa.

"Mjomba, imefika kumi na saba."

"Kumi na saba ya nini?"

"Asilimia."

Nikachukua dumu nikatoka mbio. Mama anayeuza petroli kwenye chupa za maji pale njia panda alikuwa ameshakunja meza. "Bukra," akaniambia, yaani kesho, bila kugeuka. Nikarudi na dumu tupu. Nyumbani giza. Kibandani mwanga ulikuwepo bado, mpwa wangu ameshajipenyeza kwenye benchi la mbele, na Rooney alikuwa anakwenda kupiga kona.