Maji Yapandayo Mlima

Anayetoka Mwala kuzuru Machakos asihangaike na historia. Mji huo wa Milima ya Iveti ulikuwa makao ya utawala wa Waingereza hadi 1899, reli ilipoupita kando na ofisi zikahamia Nairobi. Yamepita. Apande moja kwa moja Kyamwilu, amwage maji ya chupa kwenye lami, ayaone kana kwamba yanapanda mlima. Watu hupiga makofi!

Sisi wa Mwala tusione wivu. Maji yetu ya mfereji yana adabu: hayapandi, hayateremki, na bili haichelewi. Mitungi hupanga foleni tangu alfajiri, mitulivu kuliko wapiga kura. Na yale mabomba tuliyoletewa msimu wa kampeni yako salama kando ya barabara. Mbuzi hujikinga jua humo.