Tuletee, Tugawane: Mwongozo wa Bili ya Ijumaa

Mwongozo huu ni wa mfanyakazi wa Nairobi ambaye, Ijumaa ya mwisho wa mwezi, husikia sauti kutoka dawati la pembeni ikitangaza, "Leo lazima tutoke." Hakuna anayeuliza tunatoka na pesa za nani. Swali hilo halina adabu, na adabu ndiyo somo letu.

Saa yenyewe imepangwa na serikali. Sheria ya vileo ya 2010, ambayo Wakenya hawaijui kwa jina lake bali kwa jina la mbunge aliyeipigania, John Mututho, inaruhusu baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi. Ofisi za Upper Hill na Kilimani hufungwa muda uo huo. Umebaki na saa sita za kujifunza hatua hizi, kwa maana saa tano usiku sheria hiyo hiyo inataka taa zizimwe, na bili huletwa kabla ya giza.

1. Chagua mnyama kabla ya kuchagua hoteli

Barabara ya Ngong haina uhaba wa mahali. Kuna Kenyatta Market, ambako moshi wa choma hukupokea kabla ya mwenye kibanda. Kuna Adams, kuna viunga vya Jamhuri na Woodley, na ukizidi kusonga kuna Dagoretti Corner. Wenye mishahara iliyoingia mapema watapendekeza Westlands. Usibishane kuhusu mtaa. Bishana kuhusu mnyama.

Mbuzi huuzwa kwa kilo. Huletwa juu ya ubao, hukatwa mbele yenu, na mikono minane huingia kwa pamoja. Dakika kumi baadaye hakuna mahakama inayoweza kuthibitisha nani alikula mbavu na nani aliambulia kachumbari. Ushahidi umemezwa.

Samaki ni hatari. Samaki ana sahani yake, na mifupa hubaki mbele ya aliyemla. Septemba 2016, Mark Zuckerberg alipofika Nairobi, waziri wa mawasiliano wakati huo, Joe Mucheru, alikula naye ugali kwa samaki pale Mama Oliech, Kilimani. Hata tajiri wa kiwango hicho, ukimpa samaki, utajua alikula wangapi. Kwa hiyo kama nia yako ni kula kwa jasho la mwenzako, ukisikia mtu akisema "twende samaki", mwambie una mzio.

2. Kaa karibu na chupa, mbali na kaunta

Bosi huketi kichwani mwa meza. Kinywaji cha bei huwekwa mbele ya bosi. Hayo mawili yanakuonyesha kiti chako. Anayechelewa kwa sababu alibaki ofisini akimalizia ripoti ya bosi atapata kiti cha mwisho, kile kinachotazamana na kaunta, na huyo ndiye mhudumu atamkabidhi bili kwa kuwa ndiye wa kwanza kufikiwa.

Msabato katika kundi lenu hana haja ya kiti: jua likizama Ijumaa, yeye ana sababu ya kuondoka ambayo hakuna binadamu wa kuipinga. Wengine tumetafuta sababu yenye nguvu kama hiyo kwa miaka mingi bila mafanikio.

3. Agiza kwa niaba ya taifa

Usiseme kamwe "niletee". Sema "tuletee". Tuletee mzinga. Tuongeze kilo moja. Tuletee na ile barafu. Mhudumu anayesikia "tu" huandika kila kitu kwenye bili moja, na tangu hapo wewe si mnywaji tena, wewe ni msemaji wa jamii.

Mzinga, yaani ile chupa kubwa ya pombe kali, ni silaha kuu. Bia huhesabiwa kwa chupa, na chupa tupu husimama mezani zikimshtaki mwenyewe. Mzinga husimama peke yake katikati, kama mali ya umma, hata kama glasi zinazoukaribia ni mbili tu.

Asiyekunywa pombe asiachwe nyuma. Muulize kwa upole, mbele ya wote, "Na wewe, mdogo wangu, soda tu?" Ataagiza soda moja na kuilinda mpaka usiku. Yule aliyekuja na gari naye atakunywa maji, kwa kuwa anawaogopa polisi wa Alcoblow. Baada ya bili, mkumbushe kwamba anapitia Dagoretti Corner, na kwamba nyote mnaelekea huko.

4. Tangaza usawa

Bili ikifika, kimya huingia. Kila mtu hugundua kwamba simu yake ina ujumbe wa haraka. Hapa ndipo mwanafunzi wa mwongozo huu anapotambulika, kwa maana ndiye atakayesema kwa sauti ya mpatanishi: "Jamani, tusisumbuane. Tugawane sawa kwa sawa."

Tupige mfano. Mko wanane. Kilo tatu za mbuzi kwa shilingi 1,200 ni 3,600. Ugali na kachumbari, 800. Mzinga mmoja, 6,500. Bia kumi na mbili za 350 ni 4,200. Soda moja na chupa moja ya maji, 100 kila kimoja. Jumla ni 15,300.

Mzinga uliishia kwa bosi na mhasibu. Bia zilinywewa na watu wanne, tatu kwa kila mmoja. Mwanagenzi alikunywa soda, dereva akanywa maji. Kwa haki, bosi na mhasibu wanadaiwa 3,800 kila mmoja, wanywaji wa bia 1,600, na wale wawili wa soda na maji 650. Lakini usawa umetangazwa. Gawanya kwa nane, upate 1,912 na senti. Mhasibu, ambaye kazini hupeleleza hata nauli ya shilingi hamsini, atasema, "Tufanye elfu mbili, tusihangaike na senti."

Basi mwanagenzi aliyekula na kunywa vya 650 atalipa 2,000. Bosi aliyekula na kunywa vya 3,800 atalipa 2,000. Mwanagenzi amemnunulia bosi kinywaji, na kwa kuwa ni adabu, atamshukuru pia kwa kumwalika.

Hapa inafaa kuisifu serikali kidogo. Wakenya tunalalamikia makato ya mshahara kila mwezi: tozo ya nyumba asilimia 1.5, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75, na kodi ya mapato inayopanda ngazi kutoka asilimia 10 hadi 35. Tuyaseme tutakavyo, makato hayo huuliza kwanza unalipwa ngapi. Tena Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yote kwa pamoja kupita theluthi mbili ya mshahara. Bili ya Ijumaa ndiyo tozo pekee nchini inayomkata mwanagenzi kiasi kile kile inachomkata meneja, na ndiyo pekee ambayo hakuna anayeandamana kuipinga.

5. Jitolee kukusanya

Kabla ya M-Pesa kuzinduliwa Machi 2007, mtu asiyetaka kulipa alikuwa na neno moja tu: "Sina chenji." Aliinua noti ya elfu moja kama ngao, akasubiri wenye noti ndogo wachoke. Leo chenji si kisingizio, lakini maendeleo yametupa mengine: netwaki imepotea, simu imezima, nimesahau PIN, nitakutumia nikifika nyumbani.

Usiwe miongoni mwa wanaotafuta visingizio. Kuwa mkusanyaji. Sema, "Nitumieni mimi, nilipe mara moja." Kulipa kwa namba ya Till hakumkati mteja hata shilingi, ilhali kutumiana mtu kwa mtu kuna ada. Hata hivyo sisitiza watume na ya kutoa, ingawa hutatoa popote.

Asiye na salio atakwambia anafuliza. Fuliza ilianza 2019: pesa zikipungua kwenye simu, Safaricom hukujazia kwa mkopo wenye ada ya kuanzia ya asilimia 1, kisha ada nyingine kwa siku kadiri deni linavyokaa. Mwanagenzi sasa amekopa ili bosi anywe. Mpongeze, amekuwa mtu mzima.

Kuwa macho na anayetuma haraka kupita kiasi. Mtumaji anaweza kupeleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa namba 456 akidai alikosea, aombe pesa zirudishwe. Ukimwona mwenzako akielekea chooni na simu huku akitabasamu, lipa ile Till upesi.

6. Omba risiti yenye PIN

Hatua hii ni ya wenye vyeo peke yao, na ndiyo kilele cha fani. Tangu Januari 2024, kampuni haiwezi kuonyesha gharama mbele ya KRA bila ankara ya eTIMS. Kwa hiyo mhudumu anapokuja, mnong'oneze, "Andika PIN ya kampuni." Wenzako watadhani unawajali walipa kodi.

Tazama sasa uzuri wake. Wenzako saba wamekutumia elfu mbili kila mmoja, jumla 14,000. Bili umelipa kwa kadi ya kampuni. Jumatatu unapeleka ankara kwa idara ya fedha, nayo inaandikwa "kuimarisha umoja wa wafanyakazi". Umekula, umekunywa, na umelipwa. Umoja umeimarika kweli, hasa upande wako.

7. Bakshishi itoke kwa hewa

Mnakumbuka mlizungusha hesabu mkafika elfu mbili kila mmoja, yaani 16,000. Bili ilikuwa 15,300. Zilibaki 700. Zinaitwa za mhudumu, na kila mtu mezani anaamini kwamba amezitoa yeye. Mhudumu, aliyesimama tangu saa kumi na moja na ambaye katika baa nyingi hukatwa mshahara meza ikitoroka bila kulipa, ataambiwa, "Asante sana, siz, tutakuona." Mia saba zitaonekana mara ya mwisho kwenye simu ya mkusanyaji.

8. Jumatatu, linda kumbukumbu

Kundi la WhatsApp litafunguka kwa picha za Ijumaa. Weka ile ya bosi akicheka. Kisha, baada ya chai ya saa nne, andika: "Wale bado hawajanitumia, mnajijua." Usitaje majina, ili hata waliolipa waogope.

Ajabu ni kwamba watu hawa hawa wanaweza. Jumapili hiyo hiyo wengi wao walikuwa kwenye chama, ambako mweka hazina ana daftari, katibu anasoma kumbukumbu, na anayechelewa hulipa faini kabla ya kuketi. Mhasibu yule yule aliyezungusha senti Ijumaa alimkatalia mkopo binamu yake kwa kukosa mdhamini. Hesabu Nairobi tunazijua. Tofauti ni kwamba kwenye chama aliyechanga kidogo ana sauti sawa na aliyechanga nyingi, na kwenye meza ya choma mwanagenzi akiuliza bei ya mzinga ameharibu hali ya hewa.

Jambo la kuepuka kabisa

Lipo kosa moja ambalo likifanywa huvuruga hatua zote nane, na tunalitaja ili ujue kulikimbia. Nalo ni la mkubwa wa meza, kwa kuwa mdogo hana nafasi ya kulifanya. Kabla ya mhudumu kuandika neno lolote, mwenye mshahara mkubwa husema: "Nyama ni juu yangu. Kila mtu anywe chake, alipe chake." Wakati mwingine, akizidiwa na wema, huongeza, "Na hawa wanagenzi wawekeni kwangu."

Madhara yake ni makubwa. Mhudumu huandika bili mbili kwa dakika moja, na hakuna anayefuliza. Wa soda huagiza soda ya pili bila kumtazama mtu. Mzinga hubaki kaunta, kwa sababu ghafla hakuna anayeuhitaji. Dereva huwapeleka watu nyumbani kwa hiari. Jumatatu hakuna anayetafutwa kwenye WhatsApp, idara ya fedha haina ankara ya kuitilia shaka, na mkubwa huyo hulazimika kufanya kazi wiki nzima na watu wanaomsalimia bila kuhesabu chochote moyoni.