Setilaiti na Kesi ya Mpaka

Mpwa wangu amefunga chuo, na kwetu hapa Kitale chapati nazo zimefunga. Kikaango cha chuma kiko juu ya paa la jiko, kimepinduliwa, na mgongoni mwake kimenata kisanduku cheusi chenye sumaku. Hiyo ndiyo antena. Waya wake unaingia dirishani hadi kwenye kidude cha USB kilichotengenezwa ili watu watazame televisheni, mpaka mwaka 2012 watundu walipotangaziana kwamba kinaweza kugeuzwa redio. Kazi iliyobaki hufanywa na programu ndani ya kompyuta, ambayo feni yake hunguruma usiku kucha kwa tokeni zangu za stima.

"Unatafuta stesheni gani?" nikamuuliza.

"GPS, anko. Megahezi 1575.42."

Nikamwonyesha simu yangu. Inajua niliko na haijawahi kudai kikaango. Kijana akatabasamu. "Simu inakupa jibu tu, anko. Hii inaonyesha njia."

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Watoto wa watu nimewakata alama kwa neno hilo hilo. Nikanyamaza.

Njia yenyewe nitaieleza kwa kifupi, ingawa mimi nilielezwa kwa kirefu. Setilaiti ziko kilomita 20,200 juu, na mawimbi yake hufika hapa yakiwa hafifu kuliko kelele za redio yenyewe. Ukitazama skrini ni chenga tupu. Lakini kila setilaiti ina msimbo wake wa vipande 1,023, inaurudia kila milisekunde, na programu iliyokariri msimbo huo huutafuta ndani ya zile chenga hadi iupate, kama mama anavyotambua kilio cha mwanawe kwenye foleni ya chanjo. Zikipatikana setilaiti nne, kidoti kinatokea kwenye ramani. Kidoti hicho ni wewe.

Basi likizo ikatushusha nyumbani Bungoma, kupitia Kiminini, Kamukuywa hadi Webuye, kikaango kikiwa mapajani mwangu kwa sababu kondakta alikataa kukihesabu kuwa mzigo wa bure. Kijana alidai kwamba nyumbani anga liko wazi zaidi. Kweli liko wazi. Ila kidoti chake hakitulii. Mara kiko sebuleni, mara kizizini, mara kimevuka ua. Giza likiingia ndiyo balaa: sisi wa karibu na ikweta, jua likishatua, lile tabaka la juu lenye chembe za umeme huchafuka, na mawimbi yakipita humo yanafika yakipepesuka.

Dawa, kwa mujibu wa mtaalamu wangu, ni antena ikae mahali pamoja bila kutikisika, kama ile ya kituo cha kudumu cha GPS cha Malindi, kisha apige wastani. Akatafuta bomba na saruji, akachagua mahali pasipo na mti wala paa. Mahali hapo pakawa kando ya ua.

Sasa, kwetu Bungoma, bomba likisimama ndani ya saruji karibu na mpaka, hiyo si antena. Hiyo ni bikoni. Shamba la marehemu baba lilikatwa kwa wana wote, na kipande changu ni chembamba hivi kwamba kidoti kikiteleza mita kumi tu nimeshahamia kwa watu. Saruji haijakauka, mzee jirani akatokea na wanawe, na nyuma yao mzee wa kijiji.

"Mwalimu, siku hizi saveya anakuja usiku?"

"Hapana, babu," mpwa wangu akadakia kabla sijafungua mdomo. "Ni setilaiti za jeshi la Marekani tu."

Hilo neno "tu" ndilo lililoniponza. Na hakukoma hapo. Akaeleza kwamba zamani Wamarekani walikuwa wakiyavuruga mawimbi ya raia makusudi, hata kosa likafika mita 100, hadi Bill Clinton alipoamuru yaachwe, Mei 2000. Mzee akageuka kupima kwa macho.

"Mita mia moja ni miwa yangu yote!"

Viti vikaletwa chini ya mwembe. Soda zikaletwa, kwa pesa zangu. Kompyuta ikafunguliwa kama ushahidi, na kidoti, bila hata haya, kikavuka ua mbele ya mzee wa kijiji na kutua kwenye choo cha mlalamikaji. Hukumu haikuchukua muda: bomba ling'olewe, shimo lifukiwe, na mwenye boma ajirekebishe. Mwenye boma ni mimi, ambaye hatimiliki yangu iko kabatini na sijawahi kuuliza mbingu chochote kuhusu mpaka.

Wenzake walipoondoka, mzee alibaki akimalizia soda. Akamsogelea kijana na kumnong'oneza, lakini mimi nilisikia.

"Hicho kidoti huhamia upande wa mashariki saa ngapi? Huko ni kwa ndugu yangu."