Usipigwe kwa Wati: Mwongozo wa Kununua Spika za Rafu

Spika ya nyumbani ina kazi moja kubwa kuliko zote: kumleta mtu sebuleni kwako akiwa mzima. Mwimbaji, mtangazaji, mhusika wa tamthilia, mkulima anayehojiwa kuhusu bei ya korosho; kila mmoja ana maneno, na maneno hayo yana herufi. Sabufa nyingi tunazonunua hutuletea mtikisiko wao na kuwaacha wenyewe mlangoni. Mwongozo huu ni kwa yeyote aliyechoka kuuliza "amesemaje?" kila baada ya sentensi.

Runinga yako haitakusaidia. Runinga za kisasa zimekonda mpaka hakuna pa kuweka spika ya maana. Zilizomo ni ndogo, nazo hutazama chini au nyuma, kwa hiyo mtangazaji anausomea ukuta taarifa ya habari. Dawa yake ni jozi ya spika za rafu zenye amplifaya ndani. Moja huchomekwa kwenye umeme na kubeba mitambo, ya pili huungwa nayo kwa waya. Kila boksi lina wufa ya inchi nne au tano kwa sauti za chini na za kati, na twita ndogo kwa sauti za juu. Huhitaji deki, amplifaya ya pembeni wala fundi.

Usiudharau udogo wake. Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur, kwa spika yake ya AR-1, alionyesha kwamba boksi la wastani lililozibwa kabisa linaweza kutoa besi ambayo kabla ya hapo ilidai kabati zima. Miaka ya 1970 BBC ilihitaji spika ya kuwekwa ndani ya magari ya matangazo ya nje. Wahandisi wake wakabuni LS3/5A, yenye kimo cha sentimita 30 hivi, ili fundi mitambo aisikie sauti ya msemaji kama ilivyo. Kiboksi kilichoaminiwa kukagua matangazo kitaitosha sebule yenye makochi matatu.

Hatua ya kwanza: Idharau PMPO kwa moyo wote

Muuzaji atakuonyesha namba kubwa iliyobandikwa kwenye boksi: wati 10,000 PMPO. Mwache amalize kusoma. Kisha fanya hesabu ya shule ya msingi. Plagi yetu ya pini tatu bapa ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Zidisha kwa volti 230, unapata wati 2,990. Kwa kiasi hicho birika la umeme linachemsha chai ya familia nzima. Sasa mashine ya wati 10,000, yenye waya mwembamba kuliko wa pasi, inazitoa wapi? Kwenye boksi, kwa wino.

PMPO haina kipimo rasmi. Kila kiwanda hukisia kilele cha kufumba na kufumbua kadiri kinavyopenda. Wewe tafuta herufi RMS, ambazo hueleza nguvu inayoweza kutolewa mfululizo. Edifier R1280DB, spika ya rafu inayouzwa nchi nyingi, imeandikwa wati 42 RMS kwa boksi zote mbili, bila haya yoyote, na kwa sebule ya kawaida zinatosha. Usilipie pia ahadi ya wati maradufu. Kuzidisha nguvu mara mbili huongeza desibeli tatu tu, tofauti ambayo sikio huitambua bila kustaajabu. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji nguvu mara kumi hivi.

Hatua ya pili: Nenda na nyimbo zako

Kariakoo jijini Dar es Salaam, sawa na Luthuli Avenue jijini Nairobi, spika hujaribiwa kwa wimbo wenye besi ya kutetemesha vioo vya kabati. Muuzaji anaupandisha, anatabasamu, anasema, "Sikia hiyo, bosi!" Mjibu kwa adabu: "Nimesikia, kaka. Sasa naomba nichomeke flashi yangu."

Ndani ya flashi weka vitu vitatu. Cha kwanza ni taarabu. Taarabu ni sanaa ya mafumbo. Shairi likikupita, hutajua anayepigwa kijembe ni nani, na huenda ni wewe. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Rekodi za enzi zile zina mikwaruzo, lakini spika nzuri humtenga mwimbaji na mikwaruzo hiyo, akasimama mbele yako. Spika mbaya humfunika.

Cha pili ni muziki wa dansi, wa Mlimani Park au wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Lifuate gitaa la solo peke yake, kisha rizimu, kisha besi. Ukiweza kumfuata kila mpigaji anavyokwenda zake na kuwarudia wenzake, spika imefaulu. Ukisikia fujo moja tu, mrudishie muuzaji na umshukuru.

Cha tatu ni taarifa ya habari, kwa sauti ya chini, kama vile watoto wamelala. Hapa ndipo spika nyingi huumbuka. Sauti ikipunguzwa, sikio hupoteza besi kwanza, na boksi lililojengwa kwa besi hubaki halina la kusema. Sikiliza konsonanti. Tofauti ya "thamani" na "samani" imo kwenye sauti za juu, na hiyo ni kazi ya twita. Spika inayokuambia samani ya shilingi imeshuka haijastahili fedha yako.

Ukilinganisha jozi mbili, sawazisha ukubwa wa sauti kwanza. Inayolia kwa nguvu zaidi, hata kidogo tu, huonekana bora. Wauzaji wanalijua hilo, na sasa unalijua wewe pia.

Hatua ya tatu: Igeuze spika, uone mgongo wake

Uzuri wa mbele ni wa kupigia picha. Nyuma ndiko kwenye matundu, na matundu ndiyo maisha. Bora kuliko yote kwa runinga ni lile lililoandikwa HDMI ARC. Waya mmoja hupeleka sauti, na mara nyingi rimoti ile ile ya runinga huipandisha na kuishusha. Linalofuata ni lililoandikwa OPTICAL, linalosafirisha sauti kwa mwanga. Ukilitumia hilo kisha usisikie chochote, usikimbilie kwa fundi. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya runinga, uchague PCM, kwa kuwa spika nyingi za aina hii haziwezi kuifungua sauti iliyofungwa kwa mfumo wa Dolby. Nalo tundu la pini nyekundu na nyeupe lisikose, maana deki ya zamani, kompyuta na kinanda cha santuri vyote vinalijua.

Blutuuthi ni nzuri kwa nyimbo za simuni. Kwa runinga, jihadhari. Sauti hufungwa, hurushwa, hufunguliwa, na safari hiyo mara nyingi huchukua sehemu ya kumi hadi ya tano ya sekunde. Ikichelewa kwa sehemu ya nane hivi, watu huanza kugundua: mhusika ameshafunga mdomo, neno ndiyo kwanza linatoka. Kwenye mpira utaona wavu umetikisika kabla ya mtangazaji kupiga kelele. Tumia waya.

Hatua ya nne: Tengeneza sebule

Sakafu ya vigae, kuta za plasta na madirisha ya vioo hukurudishia kila silabi mara kadhaa. Zulia nene, mapazia mazito na makochi ya kitambaa huimeza mirudio hiyo, na huenda vikaboresha sauti kuliko kununua spika ghali zaidi. Kama nyumba ni ya bati lisilo na dari, piga dari kwanza. Hakuna spika ya rafu iliyowahi kuishinda mvua ya masika.

Spika mbili na wewe muwe pembe tatu za pembetatu yenye pande sawa: mita mbili kati yao, mita mbili mpaka kwenye kochi. Twita iwe usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Usizisukumie kwenye kona, kwa maana kona huvimbisha besi na kuwafunika waimbaji. Zenye tundu la hewa nyuma zisogeze mbele ya ukuta sentimita 20 au zaidi. Chini yake weka vipande vya malapa yaliyochakaa, ili kabati lisiimbe pamoja na bendi.

Kisha, kwa heshima zote anazostahili mwenye sebule, ondoa kitambaa kizito kilichofunika spika. Sauti za juu ni dhaifu na huishia kwenye nguo. Ondoa pia chombo cha maua juu yake. Vyote vihamie kwenye meza ya kioo, vipendeze huko.

Hatua ya tano: Kumbuka ukuta una jirani

Kama umepanga chumba na sebule, usiongeze sabufa. Besi ya mitetemo 40 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa zaidi ya mita 8, na ukuta wa tofali moja haulizuii. Jirani atapata besi yote, wewe utabaki na wimbo. Wufa mbili za inchi tano zitakupa mdundo wa kutosha kucheza, naye atalala.

Hatua ya sita: Lipa kwa macho

Kwenye kibandiko cha nyuma soma volti. Spika za mtumba kutoka Marekani huwa za volti 120, na ukizichomeka ukutani kwetu zitakuimbia mara moja tu. Dai risiti na gerentii iliyoandikwa. Nunua pia kifaa cha kulinda umeme, kwa ajili ya siku umeme utakaporudi kwa hasira. Na chomeka spika zote mbili dukani kabla ya kufunga boksi, kwa kuwa jozi yenye spika moja bubu nayo huuzwa.

Hatua ya mwisho: Kaa chini

Zima simu, kaa katikati, cheza wimbo mmoja unaoujua tangu utotoni, na uusikilize wote bila kuzungumza. Waimbaji wetu wengi walirekodi kwa vifaa hafifu na muda mchache wa studio, lakini kila ubeti waliutunga kwa makusudi. Wanastahili kusikika neno kwa neno. Ukigundua ubeti ambao miaka yote umekuwa ukiuimba vibaya, hongera: umenunua spika sahihi.